Ndumakuwili hana kosa, tuulize udongo umetoka wapi

Kila masika video ile ile hurudi. Sakafu ya vigae, mwanga wa tochi ya simu, na kitu cheusi chembamba kama kamba ya kiatu kinajinyonganyonga karibu na tundu la maji la bafuni. Sauti ya anayerekodi inatetemeka: jamani, vitoto vya koboko hivi, tazameni vinakotokea. Ndani ya saa chache imeshazunguka magrupu ya mtaa, ya msikitini, ya kanisani na ya wazazi wa darasa la tatu, na kila inapopita inaongezewa chumvi: sumu yake inaua kabla hujafika barabarani, akiingia sikioni hatoki, mama yake yumo ndani ya chemba anasubiri. Siku hizi limejitokeza na kundi la pili, la watu waliosoma mawili matatu. Hao wanasema huyu si koboko, ni nyoka kipofu mwenye asili ya Bara Hindi, lakini kwa kuwa ni kiumbe vamizi, dawa yake ni ile ile: maji ya moto, mafuta ya taa, na sumu ya kupuliza bustani nzima. Makundi mawili yanagombana juu ya sababu, hukumu wameafikiana.

Nadhani yote mawili yamekosea, na la pili limekosea kwa namna inayostahili kujadiliwa zaidi. Nyoka huyu hana uwezo wa kumdhuru mtu, na ushahidi wa kumwita mharibifu ni mwembamba kuliko yeye mwenyewe. Kinachofaa kutushughulisha ni njia aliyopita hadi akafika bafuni kwako, yaani udongo unaosafiri ndani ya vyungu na viriba vya miche, nchi hadi nchi, na kutoka bara hadi visiwani. Nyoka ni stakabadhi tu ya safari hiyo. Tunaichana stakabadhi, mzigo tunaupokea.

Tuanze na mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Indotyphlops braminus. Daktari wa Kiskoti Patrick Russell, aliyekuwa akikusanya nyoka wa pwani ya mashariki ya India enzi za Kampuni ya Mashariki ya India, alimweleza na kumchora mwaka 1796, na Mfaransa François Marie Daudin akampa jina rasmi mwaka 1803. Aliyekomaa ana urefu wa sentimita 10 hadi 15, mara chache zaidi ya hapo, na unene wake haupiti sana ule mrija wa wino ulio ndani ya kalamu. Rangi ni nyeusi au kahawia iliyokolea, inayong'aa kama imepakwa mafuta, ila akikaribia kujivua gamba hugeuka kijivu chenye ubuluu, na hapo ndipo watu husema wameona nyoka wa aina mpya. Magamba yamemzunguka kwa safu 20, yote ya ukubwa mmoja, mgongoni hata tumboni. Hana yale magamba mapana ya tumboni ambayo nyoka wengine hutambalia. Macho ni vidoa viwili vilivyozama chini ya gamba, vinavyotosha kumjulisha kwamba hapa pana mwanga na pale giza, basi. Anayemdhania nyungunyungu atazame vizuri: nyungunyungu ana pingili na ute, huyu ni mkavu, mororo, na kila baada ya muda hutoa ulimi wenye ncha mbili. Mvua kubwa ikijaza vijia vyake hupanda juu kutafuta pakavu, hasa usiku, na ufa wa kigae au tundu la bomba humtosha kuwa mlango. Ndiyo maana habari zake ni za masika.

Mkia ndio uliomponza. Ni mfupi na butu, ukiutazama haraka huutofautishi na kichwa, na unaishia kwenye mwiba mdogo. Akishikwa huukandamiza mwiba huo kwenye ngozi ya mshikaji, kama anavyoutumia chini ya ardhi kujikita na kujisukuma mbele. Hauna sumu na haufanyi jeraha. Lakini mtu aliyeona ncha moja ikitoa ulimi huku ncha ya pili ikimchoma atakwenda kusimulia nini nyumbani? Kamusi za Kiswahili zimemhifadhi nyoka aitwaye ndumakuwili, anayedhaniwa kuwa na vichwa viwili na kuuma huku na huku, na jina hilo baadaye tukamvika mnafiki, mtu wa kula kwa huyu na kusengenya kwa yule. Waliolitunga jina hilo walikuwa na jicho kali, maana kweli vinyoka hivi vya kuchimba huwezi kujua upesi wapi mbele wapi nyuma. Hukumu tu ndiyo iliyowahi kuliko uchunguzi, na kiumbe asiyeweza kuuma hata kwa upande mmoja akasajiliwa kuwa anauma kwa pande mbili.

Ukifika kwenye mdomo, hoja ya sumu inaanguka yenyewe. Mdomo wa nyoka huyu ni mpasuko mdogo chini ya pua, hauwezi kupanuka kama wa swila au wa bafe. Meno yako kwenye taya la juu tu. La chini halina hata jino moja. Vifupa vya taya la juu huchezacheza mbele na nyuma haraka haraka, mithili ya mtu anayevuta majani kwa reki, vikiingiza chakula kooni. Hana meno ya sumu, wala sumu yenyewe hana. Chakula chenyewe ni mayai, mabuu na pupa wa sisimizi, pamoja na mchwa. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Japani, Takafumi Mizuno na Yosuke Kojima, walieleza jambo ambalo halikuwa likitegemewa kwa nyoka: kabla ya kummeza mchwa, mara nyingi huyu humkata kichwa. Humng'ata kiwiliwili, humburuza na kumsugua chini hadi kichwa kinang'oka, kisha humeza kilichobaki. Sababu ilionekana kwenye kinyesi, ambamo vichwa vya mchwa waliomezwa wazima vilipita bila kumeng'enywa. Kwa nini ubebe mzigo usiokulisha? Mnyama tunayemtuhumu kuua watu anahangaika kukitenganisha kichwa cha mchwa na mwili wake.

Tuhuma dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosambaa zaidi, ni ile ya mtoto na mama. Ina pande mbili za kuvunjika. Kwanza ni vipimo. Mtoto wa koboko hutoka yaini akiwa na sentimita 40 au zaidi. Ni mrefu kuliko mkono wa mtoto wa shule ya msingi kuanzia kiwiko hadi vidole. Bafe huzaa watoto wafupi, ndiyo, lakini ni wanene, wana kichwa kipana na mabaka mgongoni tangu siku ya kwanza, na wala mama hakai kuwalea. Kitu chenye sentimita 12, chembamba kama mrija wa kalamu, kilichopigwa rangi moja mwili mzima, hakiwezi kuwa mmoja wao. Pili, na hapa ndipo biolojia inapopendeza, huyo mnayemwita mtoto ndiye mama. Spishi nzima ni majike. Mwaka 1980 Ronald Nussbaum alichapisha uchunguzi wake wa nyoka hawa katika visiwa vya Shelisheli, akaongeza ushahidi kwamba wanazaa bila dume, na mwaka 1987 watafiti wengine wakaonyesha kwamba seli zao zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, yaani 42, seti moja ikiwa na 14. Jike hutaga mayai machache bila kuonana na dume yeyote, na watoto wote ni majike, nakala za mama yao. Chatu wa kufugwa wameshawahi kuzaa bila dume mara moja moja, lakini huyu ndiye nyoka pekee anayejulikana ambaye kwake hakuna njia nyingine. Kwa hiyo mkisema mama yuko karibu mmesema kweli. Yuko hapo kwenye kizoleo, na bibi yake alikuwa hivyo hivyo, wala babu hakuwapo.

Sifa hii ya uzazi ndiyo inayotutoa kwenye bafu na kutupeleka bandarini. Mnyama anayehitaji dume na jike, akisafirishwa kwa bahati mbaya mmoja tu, atazeeka peke yake na habari itaishia hapo. Huyu mmoja anatosha kuwa ukoo. Ongeza na tabia zake: anakaa kwenye udongo laini wenye unyevu kuzunguka mizizi, ni mdogo kiasi cha kutoonekana, na chakula chake, yaani sisimizi na mabuu yao, mara nyingi kimo ndani ya chungu kile kile. Haishangazi kwamba kwa Kiingereza mojawapo ya majina yake ni nyoka wa chungu cha maua. Hawaii, ambako sheria inakataza mtu kufuga nyoka wa aina yoyote, alionekana mwaka 1930, akihusishwa na udongo wa michikichi ya mapambo iliyoletwa kutoka Ufilipino. Florida walimgundua miaka ya 1970. Leo yuko Mexico, Australia, visiwa vya Kanari na sehemu nyingine za Ulaya ya kusini, Madagaska, Komoro, na huku kwetu Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine ya mwambao. Hakuna nyoka mwingine aliyetapakaa duniani kiasi hicho, na amefanya hivyo bila kutambaa zaidi ya bustani moja au mbili kwa nguvu zake mwenyewe. Tumembeba.

Mimi mwenyewe nimewahi kumbeba. Nilinunua mche wa mstafeli kando ya barabara, nikaupakia nyuma ya gari pamoja na mfuko wa mboji, na nilipochana kiriba nyumbani wakadondoka wawili, mmoja akiwa amejikunja kwenye mizizi kama uzi uliofungwa fundo. Mzee aliyenisaidia kuchimba shimo hakushtuka. “Hao wanakuja na miche, mwanangu,” alisema, akaendelea na jembe lake. Nimesoma maandiko kadhaa juu ya nyoka huyu tangu siku hiyo, na bado nadhani sentensi ya mzee ilikuwa na uzito kuliko nusu yake.

Sasa tuwasikilize wanaotaka auawe, kwa sababu hoja yao ina umbo bora kuliko lile la kwenye video. Umbo hilo ni hili: mwananchi wa kawaida si mtaalamu wa nyoka, na kosa la kumwachia nyoka mwenye sumu ni kubwa kuliko kosa la kumuua asiye na sumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nchi zetu zimeumwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na makadirio yake ni kwamba kila mwaka hufa kati ya watu 81,000 na 138,000 duniani. Anayecheka hofu ya mkulima anayekwenda pekupeku shambani hajui anachokicheka. Zaidi ya hapo, mwambao wetu una nyoka wa jenasi Atractaspis, ambaye naye ni mweusi au kahawia, mwembamba, mwenye kichwa kisichotofautiana sana na shingo, naye pia huishi ardhini na kutoka baada ya mvua. Huyo ana sumu kweli. Meno yake marefu huchomoza pembeni mwa mdomo hata ukiwa umefungwa, hivyo kumshika nyuma ya kichwa, njia ambayo watu huiamini kwa nyoka wengine, hakumzuii. Anageuza kichwa kidogo na kukuchoma kidole. Dawa za kuzuia sumu zinazotumika kwa bafe na swila hazimfanyii kazi. Wapo waliopoteza kidole kwa sababu walimdhania nyoka mpole wa udongoni.

Hoja hii naikubali kwa robo tatu. Inathibitisha kwamba hakuna mtu anayepaswa kuokota kwa mkono nyoka mdogo mweusi, hata kama amesoma makala kumi kama hii, na wale wanaojirekodi wakimzungusha nyoka kipofu vidoleni ili kuwaonyesha watu kwamba hana neno wanafundisha jambo la hatari. Kumtambua kwa hakika kunataka kutazama magamba ya tumbo, na hakuna mwenye utulivu huo saa tano usiku bafuni. Lakini robo iliyobaki ndiyo yenye uamuzi. Hatari ya Atractaspis inakuja pale unapomgusa, kumkanyaga au kumlalia. Fagio lenye mpini mrefu na kizoleo au ndoo vinatosha kumtoa mnyama wa urefu wa kalamu, awe kipofu au asiwe, bila kumkaribia. Kumpiga kwa kandambili ukiwa umeinama kunakusogeza karibu naye zaidi. Na kumwaga mafuta ya taa kwenye chemba hakumfikii aliye ardhini. Kunachafua maji na kuacha harufu wiki nzima. Tahadhari inajitegemea, haihitaji uongo wa koboko kuisindikiza. Tena uongo huo una gharama yake: aliyewahi kuambiwa mara ishirini kwamba vinyoka vya bafuni ni watoto wa koboko, kisha akagundua si kweli, siku ya ishirini na moja ataokota kwa mkono.

Kundi la pili linataka jibu refu zaidi. Linasema: tumekubali hana sumu, lakini ni mgeni, na wageni wameshatuumiza. Mfano uko juu ya paa zetu. Kunguru wa India waliingizwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakavuka hadi bara, na leo mkazi yeyote wa Dar es Salaam anajua wanavyopora mayai na makinda ya ndege wengine na hata vifaranga vya kuku. Kule Guam, katika Bahari ya Pasifiki, nyoka wa mitini wa rangi ya kahawia aliingia na shehena baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ndani ya miongo michache ndege wengi wa asili wa misituni walikuwa wametoweka. Nani basi atakayelaumiwa kwa kusema heri kumaliza mapema?

Kasoro ya hoja hiyo iko kwenye neno mgeni, linalofanyishwa kazi ambayo lingepaswa kufanya neno madhara. Kunguru anadhuru kwa sababu ya anachokula na wingi wake. Nyoka wa Guam aliwakuta ndege ambao hawakuwahi kuishi na mwindaji wa aina yake. Nyoka kipofu anakula mabuu ya sisimizi na mchwa, vitu ambavyo Afrika Mashariki haijawahi kupungukiwa, tena katika bustani, vitalu, viwanja vya hoteli na mashamba ya mjini, mahali ambapo udongo umeshageuzwa mara nyingi na binadamu. Hali mazao, hali ndege, hali vyura. Kinyume chake vyura ndio humla, ingawa si kwa mafanikio kila mara: Timor-Leste watafiti walichapisha mwaka 2013 kisa cha chura mmoja wa Asia aliyekutwa akimtoa nyoka wa aina hii kwa njia ya haja, naye nyoka akiwa hai baada ya kupita utumbo mzima. Jamaa zake wa Texas wana kisa cha ajabu kinachoelekea upande mwingine. Bundi wadogo wa huko huwaleta nyoka vipofu kwenye kiota wakiwa hai, wengine wakaponyoka na kujichimbia kwenye takataka za kiota na kula mabuu ya wadudu, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha makinda ya viota hivyo yalikua haraka na kufa kwa uchache kuliko yale ya viota visivyo na nyoka. Nyoka na bundi, viumbe wawili tuliowakabidhi uchawi wote wa kijiji, kumbe wamekaa kwenye tundu la mti wanasaidiana ulezi.

Sitaki kuipunguza hoja ya visiwa, kwa sababu hiyo ndiyo imara. Mgeni asiye na hatari bara anaweza kuwa mshindani wa kweli mahali ambapo mwenyeji hana pa kwenda. Na sisi tunao wenyeji. Mwaka 2007 Donald Broadley na Van Wallach walieleza spishi kadhaa mpya za nyoka vipofu wembamba wa jenasi Letheobia, miongoni mwao Letheobia swahilica wa ukanda wa pwani ya Kenya na Tanzania, na Letheobia pembana wa kisiwa cha Pemba. Fikiria hilo kidogo: kuna nyoka aliyepewa jina la Waswahili, amekuwa chini ya miguu yetu muda wote, na sayansi imempa jina katika karne hii ya 21. Ni wa rangi ya waridi, kama nyungunyungu, na jembe likimfukua hakuna anayesita. Bara kuna na Afrotyphlops mucruso, aliyeelezwa na Wilhelm Peters mwaka 1854 kwa nyoka wa Tete, Msumbiji; huyo hukaribia mita moja na unene wa kidole gumba, hutoka usiku wa mvua, na kwa kuwa ni mkubwa hupigwa zaidi ya wote, naye hana sumu. Hao ndio wanaobeba gharama ya kampeni ya kumaliza mgeni. Sumu ya kupuliza ardhini haimuulizi nyoka pasi ya kusafiria. Ikiua mchwa na sisimizi imewaua njaa wote wanaowala, na kati yao mwenye uwezekano mkubwa wa kurudi haraka ni yule ambaye jike mmoja aliyebaki kwenye chungu cha jirani anatosha kuanzisha ukoo upya. Ukitaka kubuni njia ya kuwapokonya wenyeji uwanja na kumkabidhi mgeni, ndiyo hiyo.

Wapo pia wanaosema mwacheni tu, hana shida, na makala yakaisha. Hao niko karibu nao, ila nadhani wanalala mapema mno. Kwamba nyoka huyu ni mpole ni bahati yetu, wala haukuwa mpango wa mtu. Udongo uliomfikisha haukuchagua cha kubeba. Ungeweza kubeba, na mara nyingine hubeba, minyoo fundo inayovimbisha mizizi ya nyanya, mayai ya konokono, sisimizi wa kigeni, na vimelea vya magonjwa ya mimea. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na kuvu aina ya TR4 ulithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013. Kuvu huyo hudumu ardhini miongo kadhaa hata migomba ikiwa imeng'olewa, na husafiri kwa miche, kwa maji, kwa zana na kwa udongo ulioganda kwenye soli ya kiatu. Kwa anayekula matoke Bukoba au Kampala, au ndizi za Kilimanjaro, hiyo ni habari kubwa kuliko nyoka yeyote wa bafuni. Haina video kwa sababu haijinyonganyongi. Nyoka kipofu ndiye abiria pekee wa udongo huo ambaye mtu asiye na hadubini anaweza kumwona na kupiga kelele, na kelele zote tumezipiga kwa jambo lisilo lake.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwayo. Kenya ina KEPHIS, taasisi yake ya ukaguzi wa afya ya mimea. Na kanuni ya msingi ya kimataifa ni kwamba mmea unaovuka mpaka uwe na cheti cha afya ya mimea. Lakini nyoka aliyekwisha kuwa wa nyumbani hasafiri tena kwa meli kutoka nje. Anasafiri kwa bajaji, kwa Fuso la mchanga, kwa kirikuu cha bustani, kwa gunia la mboji linalouzwa bila kuulizwa liliozea wapi. Biashara ya maua na miche imekuwa kubwa kandokando ya barabara za miji yetu, imewapa vijana wengi kazi halali, na sitaki kusikia pendekezo la kuwafukuza. Ninachoona kinawezekana ni cha mikono: kuianika mboji juani chini ya nailoni siku kadhaa kabla ya kuijaza kwenye viriba, kuviinua viriba juu ya kichanja badala ya kuvitandika ardhini ambako kila kitu huingilia kwenye matundu ya chini, na kwa miche inayovuka bahari, kuisafirisha mizizi ikiwa imeoshwa na kufungwa kwa maranda au makumbi yaliyolowekwa, udongo wa bara ubaki bara. Mabwana shamba wanayajua haya. Hawajawahi kuulizwa kwa sababu ya nyoka, na sielewi kwa nini wasiulizwe. Kama hofu ya koboko wa kubuni ndiyo inayomfanya mtu atake kujua mboji yake imetoka wapi, basi mwenye duka amweleze habari za koboko mara moja, kisha amwonyeshe kichanja.

Kipimo changu kitakuwa boti ya Pemba. Miche hupakiwa asubuhi, mikungu na mabegi pembeni, na muuzaji mwenye huruma na mali yake humwagia kila kiriba maji kidogo ili isinyauke njiani. Udongo ukilowa hivyo, ukafunikwa turubai, unakuwa na giza na unyevu ule ule ambao jike wa sentimita 12 anauhitaji ili afike salama na mayai yake, kwenye kisiwa cha Letheobia pembana.